KINGA YA BARIDI KATIKA MABANDA NA MAGHALA: NAFUU ILIYO SALAMA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya nyanda za juu kusini)



Wako watu wanaodhani kwamba baridi ni jambo la Ulaya, na kwamba nchi yenye jua haina haja ya kufikiri namna ya kuzuia joto lisitoke nyumbani. Wakazi wa Njombe, Makete na Mufindi wanajua kuwa sivyo. Tangu Juni mpaka Agosti hutokea usiku ambao jalidi huyafunika majani, na katika Uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, malisho huweza kupambazukiwa yakiwa meupe kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Nyumba ya mtu ina moto wa jikoni na mablanketi. Banda la vifaranga na ghala la viazi aghalabu havina kitu ila mabati.

Hasara ya majira hayo huonekana katika vitabu vya chama. Vifaranga walionunuliwa kwa fedha taslimu hurundikana pembeni kutafuta joto, wa chini wakafa kwa kukosa pumzi. Mkaa hununuliwa gunia baada ya gunia. Viazi vya mbegu vilivyopigwa na jalidi hulainika na kuoza kabla ya kupandwa. Ndipo kamati inapokutana na kuuliza: kinunuliwe kitu gani cha kuzuia baridi, kilicho nafuu na kilicho salama?

Hapana budi maswali hayo mawili yajibiwe pamoja. Kitu cha bei ndogo kinachoweza kuliunguza banda usiku mmoja si nafuu hata kidogo. Na kitu kilicho salama ambacho chama hakina uwezo wa kukilipia hakitamkinga kifaranga hata mmoja. Bahati njema ni kwamba katika nyanda hizi vitu vinavyofaa vipo karibu, na vingine hutupwa kama taka.

KAZI YA KINGA

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kinga ya baridi haizai joto. Blanketi halina moto ndani yake. Kazi yake ni kulizuia joto la mwili lisiende zake. Kinachozuia hasa si nyuzi za blanketi bali hewa iliyotulia kati ya nyuzi hizo. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, na kila kinga njema, iwe ya dukani au ya shambani, ni njia ya kuifunga hewa katika vyumba vidogo vidogo isipate kutembea.

Kwa sababu hiyo uzito na ugumu si dalili ya kinga. Tofali la kuchoma lenye unene wa sentimita 10 hupitisha joto karibu mara 10 kuliko maranda makavu ya unene huo huo. Bati ndilo dhaifu kupita yote, kwa kuwa ni chuma, tena chembamba.

Neno “makavu” lisipuuzwe. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Maranda yaliyolowa, au majani yaliyonyeshewa, si kinga tena. Ni mzigo wa kuoza. Kwa hiyo paa linalovuja lizibwe kwanza, ndipo izungumzwe habari ya kinga.

Nguvu ya vitu hivi vya hali ya chini ilithibitishwa zamani. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Marekani, Frederic Tudor, alisafirisha tani 180 za barafu kwa merikebu kutoka Boston hadi Calcutta, katika Bara Hindi. Safari ilichukua miezi minne na kuvuka Ikweta mara mbili, na bado zilifika takriban tani 100. Unga wa mbao ulikuwa ndio kinga iliyoijengea biashara hiyo jina. Kitu kinachozuia joto lisiingie katika barafu ndicho hicho kinachozuia joto lisitoke katika banda.

JENGO LIPI LIKINGWE

Si kila jengo lastahili gharama hii. Ng’ombe mzima mwenye chakula cha kutosha huvumilia baridi ya nyanda hizi. Kinachomdhuru ni matope, mvua na upepo mkali. Kwake yatosha paa zima, ukuta upande wa upepo, na malalo makavu. Chama kinachotumia fedha kuweka dari katika zizi la ng’ombe wakubwa kimekosea mahali pa kuanzia. Ndama wa siku chache ni mwingine: huyu ahitaji kona isiyopitwa na upepo na malalo manene ya majani makavu anayoweza kujizika ndani yake.

Jengo la kwanza kustahili ni chumba cha kulelea vifaranga. Juma la kwanza mahali walipo panatakiwa nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Kisha joto hupunguzwa kwa nyuzi 3 hivi kila juma, mpaka wawe na manyoya ya kuwatosha. Mahali ambapo usiku wa nje ni nyuzi 5, au chini ya hapo, pengo hilo ni kubwa mno kuzibwa kwa mkaa peke yake.

La pili ni ghala la viazi vya mbegu. Hili hutaka kinga kwa sababu mbili: usiku jalidi isiingie, na mchana jua la kwenye bati lisivipashe viazi moto. Dari moja hufanya kazi zote mbili.

PA KUANZIA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo la baridi msemo huu ni wa kweli kabisa. Upepo unaopita chini ya mlango na katika pengo la ukuta na paa hubeba joto lote, na hakuna kinga ya ukutani itakayosaidia maadamu upepo huo unapita. Udongo uliochanganywa na majani, mbao ya kukingia kizingiti, na gunia safi la kutundika mlangoni ni kazi ya siku moja, na gharama yake ni ndogo.

Baada ya hapo ifuatwe dari, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Tuseme banda lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Juu yake ni mita za mraba 24. Ndani zatakiwa nyuzi 25 kwa jumla, na nje ni nyuzi 5; tofauti ni nyuzi 20. Mita moja ya mraba ya bati tupu hupoteza takriban wati 7 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Basi 24 mara 7 mara 20 ni wati 3,360. Likitengenezwa dari na kumwagwa maranda makavu ya unene wa sentimita 10, upotevu hushuka hadi kama wati 0.6 kwa mita ya mraba, na jumla yake ni wati 288.

Kilo moja ya mkaa mzuri ina joto la karibu megajuli 30. Kulifidia joto linalotoroka kwenye bati tupu kwa saa 12 za usiku hutaka karibu kilo 5 za mkaa. Kwenye dari yenye maranda hutaka chini ya nusu kilo. Kwa majuma manne ya usiku kama huo, tofauti yapita kilo 120. Hii ni hesabu ya paa tu. Kuta, milango na jiko lenyewe vina upotevu wao. Hata hivyo yatosha kuonyesha kwamba wengi hununua mkaa ili kulipasha moto anga la Mwenyezi Mungu.

VITU VINAVYOFAA

Maganda ya mpunga. Ni yale yanayorundikwa nje ya mashine za kukoboa, na nyanda hizi zi jirani na mashamba ya mpunga ya Usangu, wilayani Mbarali. Maganda haya yana mchanga mwororo wa asili uitwao silika, ambao hufanya sehemu kubwa ya majivu yake. Kwa hiyo hayaozi upesi, hayapendwi sana na wadudu, wala hayashiki mwali kwa urahisi. Yakishika, lakini, huungua polepole ndani kwa ndani bila kuonekana. Kwa dari ndiyo ya kutangulizwa, endapo nauli ya lori haizidi faida yake.

Maranda na unga wa mbao. Kwa vyama vilivyo jirani na viwanda vya mbao vya Mufindi na Njombe, ambako lipo shamba la miti la Sao Hill, vitu hivi ni rahisi kupatikana. Maranda ni bora kuliko unga, maana hayashindiliki upesi. Ni lazima yakaushwe juani, kisha yachanganywe na chokaa iliyozimwa, debe moja kwa madebe 10, ili kupunguza mchwa, panya na ukungu. Chokaa hupunguza pia wepesi wa kushika moto, lakini haiuondoi.

Mabua ya ngano na nyasi kavu. Haya hufaa kwa kuta. Hufungwa matita yaliyobanwa, husimamishwa kati ya nguzo, kisha hupigwa lipu ya udongo pande zote mbili. Katika jimbo la Nebraska, Marekani, penye baridi kali kuliko ya Kitulo, walowezi wa mwisho wa karne ya 19 walijenga nyumba za namna hii kwa kukosa mbao, na baadhi yake zilidumu miaka mingi. Siri yake ni lipu: majani yaliyo wazi huwaka kama kibiriti, bali yaliyobanwa na kufunikwa udongo pande zote hukosa hewa ya kuwakia.

Sufu ya mawe na sufu ya kioo. Hivi ni vitu vya kiwandani, na nyuzi zake haziwaki. Kwa usalama wa moto ndivyo vya kwanza. Huwasha ngozi na koo, hivyo fundi avae mikono mirefu, glavu na kitambaa cha pua, na kazi ikiisha vifunikwe kwa mbao. Bei yake ndiyo inayoviweka mbali na vyama vidogo. Chama chenye jiko la kudumu huweza kununua kipande cha kuzungushia bomba la moshi tu, mahali ambapo maranda hayaruhusiwi kabisa.

Namna ya kuvitia darini ni moja. Boriti ziwe imara, kwa kuwa eneo la mita za mraba 24 kwa unene wa sentimita 10 laweza kubeba zaidi ya kilo 200. Chini zipigwe mbao nyembamba au mikeka ya mianzi. Juu yake itandikwe karatasi ya nailoni, ili unyevu wa pumzi za wanyama usipande kulowesha maranda. Kisha maranda yamwagwe na kusawazishwa. Kila mwaka, kabla ya baridi, yapimwe kwa kijiti. Yakiwa yameshuka yaongezwe.

VITU VYA KUEPUKWA

Kwanza ni povu jeupe, lile linalofungiwa redio na vyombo vya umeme. Kwa kuzuia baridi ni hodari, na kwa kuwa hutupwa mijini, huonekana kama zawadi. Lakini hulainika penye joto la nyuzi 100 hivi, huwaka kwa moshi mzito mweusi, na matone yake ya moto huanguka juu ya malalo. Godoro la povu ni baya zaidi, kwani moshi wake una sumu ya saianaidi. Mwezi wa Februari 2003, katika ukumbi wa muziki wa jimbo la Rhode Island, Marekani, povu lililobandikwa ukutani wazi lilishika moto wa fataki, na watu 100 walikufa. Moto ulijaza ukumbi kwa dakika chache. Fauka ya hayo, kuku hulidonoa povu na panya hulitoboa. Povu likitumika lolote, liwe nyuma ya lipu au tofali, wala lisiwe katika chumba chenye jiko.

Pili ni vipande vya mabati ya asbesto. Maghala mengi ya zamani yaliezekwa kwa vitu hivyo, na mabaki yake huonekana yanafaa kwa dari. Vumbi la asbesto huleta kansa ya mapafu na ya utando wake, tena baada ya miaka mingi. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, na nchi zote za Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Paa la asbesto lililo zima liachwe lilivyo. Lisikatwe, lisitobolewe wala kusuguliwa. Lililovunjika liombewe shauri kwa ofisi ya mazingira ya wilaya.

Tatu ni maranda ya nguzo zilizotiwa dawa. Viwanda vya nguzo za umeme hutumia dawa zenye shaba, kromu na arseniki, na mbao zake aghalabu huwa na rangi ya kijani. Maranda yake ni sumu kwa kuku, na majivu yake ni sumu zaidi. Anayetumwa kuleta maranda aandikiwe wazi: yatoke kwa mbao mbichi zisizotiwa dawa. Vivyo hivyo magunia yaliyobeba dawa za mimea yasitundikwe mlangoni.

MOTO NA HEWA

Hatari kubwa kupita zote huzaliwa na kinga yenyewe. Banda likizibwa vizuri, mtu hufurahi, akaingiza jiko la mkaa na kufunga mlango. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huua vifaranga, na huua pia kijana aliyelala humo kuwalinda. Haijulishi kuja kwake. Mtu huhisi usingizi na kichwa kuuma, kisha hainuki. Mtu yeyote asilale katika chumba chenye jiko la mkaa, hata kama chama kitapoteza vifaranga wote.

Kwa hiyo kuziba ufa si kuziba hewa. Ufa ni mlango wa upepo usioamriwa. Tundu la hewa ni mlango uliowekwa kwa makusudi. Yawekwe matundu juu ya ukuta, chini kidogo ya dari, upande usiopigwa na upepo, na mengine madogo upande wa pili, yote yakiwa na wavu wa waya. Matundu hayo hutoa gesi ya jiko, unyevu, na ukali wa kinyesi unaochoma macho ya kuku. Macho ya mtunzaji yakiwasha asubuhi, au dari ikidondosha maji, matundu hayatoshi.

Jiko liwekwe juu ya tofali, lizungushiwe wavu, lisikaribie ukuta kwa mita moja, wala lisiwe chini ya dari isiyopigwa lipu. Penye umeme, taa ya kupasha joto ining’inizwe kwa mnyororo, si kwa waya wake, kwani taa ikianguka juu ya maranda ya sakafuni huanzisha moto. Debe la mchanga na ndoo ya maji vikae nje ya mlango, si ndani.

HESABU YA CHAMA

Katibu atakayepeleka shauri hili kwenye kamati apeleke pia tarakimu. Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya karatasi moja na bei ya gunia moja. Kinacholinganishwa ni gharama ya mita moja ya mraba iliyokamilika: kinga, nauli, boriti, misumari, lipu na fundi, kisha gharama hiyo igawanywe kwa miaka inayotazamiwa kudumu. Maganda ya bure yanayohitaji lori la mbali huweza kuwa ghali kuliko maranda yanayouzwa jirani. Rahisi ghali, walisema waliotutangulia.

Kipimajoto kiwe kitu cha kwanza kununuliwa. Kitundikwe kwenye kimo cha wanyama, wala si kwenye kimo cha macho ya mtu, na kisomwe saa kumi na moja alfajiri, wakati baridi imefika mwisho wake. Katika daftari ziwekwe safu nne: tarehe, nyuzi za alfajiri, kilo za mkaa, na idadi ya vifaranga waliokufa. Msimu mmoja bila kinga na msimu mmoja wenye kinga vitatoa jibu ambalo hakuna mwanachama atakayelibishia. Na kama jibu ni kwamba kinga haikulipa, hilo nalo lisomwe mbele ya mkutano mkuu, maana fedha ni za wanachama.

Vyama jirani vyafaa kuagiza kwa pamoja. Lori moja la maganda huweza kutosha mabanda kadhaa, na nauli ikagawanywa. Stakabadhi zitajwe kwa jina la kila chama, na mzigo upokelewe kwa kipimo, si kwa kukadiria.

Ndugu Wanachama, kazi hii yafanywa mwezi wa Mei, mvua zinapokwisha na kabla jalidi haijaanguka, maana maranda hayakauki Julai. Kila kamati iteue banda moja, lile la vifaranga. Izibe nyufa, itengeneze dari, iweke matundu ya hewa, na daftari lifunguliwe siku hiyo hiyo. Mabanda mengine yangoje mpaka hesabu ya hilo la kwanza isomwe.